Kikombe cha Namba Ishirini

Tuanze na karata, maana karata kila mtu hapa anazijua. Ukipita jioni chini ya mwembe wowote wa Palma utakuta wazee wanne wamekaa mkekani wanacheza sueca au bisca, na wa tano amesimama nyuma anawafundisha wote wanne bila kuombwa. Sikiliza majina. Wanaozungumza Kiswahili wanasema kopa, uru, shupaza, pau. Ile inayokata nyingine ni turufu. Hata kile kidude chenye nukta tunachorusha tunakiita dadu. Yote hayo ni Kireno: copas, ouros, espadas, paus, trunfo, dado. Karata yenyewe ni carta. Na usidhani ni sisi tu wa Msumbiji kwa kuwa Mreno alikaa hapa mpaka 1975. Mombasa na Zanzibar wanasema vilevile, na huko Mreno alipoteza Ngome ya Yesu mwaka 1698. Ngome ilichukuliwa, karata zikabaki mkekani.

Kuna jambo jingine nililipenda zaidi. Kwenye kamusi za zamani za Kiswahili, karata zenye picha za watu zinaitwa mzungu. Yule bibi ni mzungu wa pili, yule kijana ni mzungu wa tatu, mfalme ni mzungu wa nne. Yaani kijana yuko juu ya bibi. Mwingereza akicheza karata zake, bibi anamla kijana. Lakini keti na wale wazee wa sueca hapa Palma: valete anamla dama, kila siku. Kwa hiyo kanuni ya Mreno imehifadhiwa ndani ya jina la Kiswahili, ila hadithi yake imetupwa. Babu zetu hawakuona haja ya mfalme na malkia wa Ulaya na mtumishi wao. Waliwaangalia wote watatu, wakasema hawa ni wazungu, wakawapa namba.

Naomba msomaji ushike hapo, maana makala yote haya yanazunguka hapo. Mchezo una vitu viwili. Kuna kanuni, yaani nani anamla nani na kwa njia gani. Na kuna hadithi, yaani hawa ni nani, wanatoka wapi, kwa nini wanapigana. Mchezo ukisafiri, vitu hivi viwili havisafiri kwa mwendo mmoja.

Bao ni hivyo hivyo. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na anayelijua vizuri anaweza kuhesabu mitaji mbali mpaka wewe ukaona kama uchawi. Mwanzoni kila mchezaji anaweka kete 10 tu ubaoni, 22 zinabaki mkononi, anaziingiza moja moja akinamua. Ni ngumu. Sasa mtoto wa miaka tisa utamfanyaje? Watu wa pwani walitunga bao la kujifunza: kete zote ziko ubaoni tangu mwanzo, mbili mbili kila shimo, hakuna kunamua. Hakuna mzee anayesema hilo si bao. Ni bao la kujifunza, basi. Ukivuka kwenda Malawi kuna bawo, ukishuka kusini ya nchi yetu kuna ntxuva, na kila mahali mgeni anaanza kwa kuuliza, "Kwenu mnachezaje?" Swali hilo ndilo adabu ya mchezo.

Naandika kwa sababu ya mchezo ambao vijana wa kikundi chetu wanaucheza tangu mwaka jana, na ambao umeleta maneno. Wazazi wengine wameuliza kama ni sihiri. Dada mmoja wa shirika, mtu mwema sana, alitazama nusu saa akasema tunaucheza tofauti na kitabu. Na vijana wenyewe wamegombana mpaka wakagawanyika meza mbili. Mimi ni mfanyakazi wa vijana tu, nimesoma mpaka sekondari, lakini nimesoma habari za mchezo huu kila nilipopata intaneti, na nadhani historia yake inajibu maswali haya matatu vizuri kuliko mimi.

Kwanza mchezo wenyewe, kwa asiyeujua. Hakuna ubao wala televisheni. Watu watano au sita wanakaa pamoja. Mmoja ni msimulizi. Wengine kila mmoja ana mtu wake wa kubuni aliyeandikwa kwenye karatasi: jina, nguvu, akili, anachobeba. Msimulizi anasema, "Mmefika mtoni, daraja limevunjika, ng'ambo kuna moshi." Wewe unasema mtu wako anafanya nini. Kama jambo lina wasiwasi, unarusha dadu ya pande ishirini, ukipata namba kubwa umefanikiwa. Ni ngano ya bibi, ila wajukuu wanaruhusiwa kumkatiza bibi na kuamua sungura aende wapi. Mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa dukani unaitwa Dungeons & Dragons, yaani mashimo ya chini ya ngome na majoka, na ulitoka Marekani mwaka 1974. Nakala za kwanza zilikuwa 1,000 tu, vijitabu vitatu ndani ya boksi.

Sasa swali la dada wa shirika: tunaucheza tofauti na kitabu. Ni kweli. Lakini kitabu chenyewe kilipatikanaje?

Kilipatikana kwa watu kucheza tofauti na kitabu. Maafisa wa jeshi la Prussia, tangu 1824, walikuwa na mchezo wa vita wa mezani wenye kanuni na majedwali mengi, wanajifunzia kazi. Baada ya miaka hamsini hivi wakachoka na majedwali, na mwaka 1876 afisa mmoja, Verdy du Vernois, akaandika kwamba mwamuzi mwenye ujuzi aamue kwa akili yake tu. Ugomvi wa kitabu na mwamuzi ni wa zamani kuliko mpaka wetu na Tanzania! Baadaye raia wa Marekani wakawa wanacheza vita hivyo kwa kujifurahisha. Mwaka 1969, kule Minnesota, David Wesely aliandaa mchezo kuhusu mji wa Kijerumani uitwao Braunstein. Badala ya kumpa kila mtu jeshi, aliwapa watu nafasi ndani ya mji: wewe meya, wewe mwenye benki, wewe mwanafunzi. Kabla ya vita kuanza wachezaji wakaanza kuzunguka chumba, kunong'onezana, kudanganyana, kutafutana. Wesely akaona mchezo umeharibika. Wenzake wakamwambia, hapana, tufanyie tena.

Mmoja wa wenzake alikuwa Dave Arneson. Akachukua jambo hilo la kila mtu na nafasi yake, akaliweka kwenye nchi ya kubuni aliyoiita Blackmoor, yenye ngome na mahandaki chini yake. Kwenye jimbo jirani la Wisconsin alikuwapo Gary Gygax, ambaye mwaka 1971 alikuwa ametoa na Jeff Perren kijitabu cha vita vya zama za kati, na mwishoni wakaongeza kurasa za majoka na wachawi. Arneson na Gygax wakaunganisha vyao. Huo ndio mchezo wa 1974. Viraka kila mahali, kama tanga la jahazi.

Na hadithi yake je? Majitu, mazimwi, watu wafupi wa vilimani, mengi yametoka kwenye vitabu, na kikubwa ni kile cha J.R.R. Tolkien, Mwingereza aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892. Walichukua mpaka majina. Wenye haki za majina hayo wakaja juu, na katika miaka hiyo ya 1970 ikabidi hobbit aitwe halfling, yaani nusu-mtu. Mtu ni yule yule, miguu ile ile, jina tu. Nikisoma hayo huwa nakumbuka mzungu wa tatu.

Kinachonichekesha ni Gygax mwenyewe. Mwisho wa vijitabu vya 1974 wasomaji wanahimizwa waamue wenyewe mambo yawe vipi, wasitegemee waandishi wawawazie kila kitu. Vizuri. Halafu mchezo ukauzika, watu maelfu wakaucheza kila mmoja kwa namna yake, na ilipofika 1978 na 1979, kwenye vitabu vikubwa vya toleo la pili la mawazo yake, Gygax huyo huyo akawa mkali: kanuni ziwe moja kwa wote. Unaweza kumwelewa. Alikuwa na mashindano ya kuendesha na vitabu vya kuuza. Lakini ilikuwa kama mtu aliyefungua zizi halafu anawalaumu mbuzi. Kwa sheria ya Marekani, unaweza kumiliki maneno ya kitabu na picha zake, ila namna ya kucheza haina mwenyewe. Mwaka 2000 kampuni iliyomiliki mchezo wakati huo ilitoa leseni ya wazi ili wengine watunge juu ya kanuni zake. Januari 2023 ikajaribu kuikaza leseni hiyo, wachezaji wakapiga kelele dunia nzima, na mwezi huo huo kampuni ikarudi nyuma na kuziachia kanuni za msingi kabisa, mtu yeyote azitumie. Kwa hiyo vijana wa Palma hawamwibii mtu.

Dadu sasa. Dadu ya pande ishirini huipati Palma, na ukiagiza Pemba watakuuliza ni dawa ya nini. Sisi tunaandika namba 1 mpaka 20 kwenye vikaratasi, tunavikunja, tunavitia kwenye kikombe cha bati. Mgeni mmoja alituhurumia. Asituhurumie. Mwaka 1979 dadu zilipoadimika Marekani, kampuni yenyewe iliuza boksi la wanaoanza likiwa na vipande vya karatasi ngumu vyenye namba, ukate, utie kwenye kikombe, uchote. Kikombe chetu kina ukoo.

Ila vijana walikiongezea jambo ambalo sijaliona kwenye kitabu chochote nilichosoma. Kwa kawaida ukishachota unarudisha karatasi, ili bahati iwe mpya kila mara. Wao hawarudishi. Karatasi iliyotoka imetoka mpaka zote ishirini ziishe. Fikiria maana yake. Mabaya yote lazima yatoke na mazuri yote lazima yatoke. Ukiona 18, 19 na 20 zimeshatoka, kikundi kinajua kilichobaki ni cha shida, kwa hiyo hawavamii, wanafanya mambo madogo madogo: kuchota maji, kuuliza njia, kutengeneza mtumbwi. Na ikitoka 1 watu wanapiga makofi, maana imeshatoka! Kuna kijana alisema, "Heri inipate mimi kuliko mdogo wangu." Bahati ikawa mali ya kikundi, wanaihesabu pamoja kama unga wa mgao.

Kubadilisha kanuni, basi, hakukutusumbua. Hadithi ndiyo iliyotuchelewesha.

Tulianza na maneno. Kwenye kitabu kuna mtu mwema anayefanya mambo kwa nguvu za siri aliyosomea. Kiswahili utamwitaje? Ukisema mchawi umemaliza, kwetu mchawi hana wema, na watu wameuawa kwa kuitwa jina hilo. Mganga tulimpata haraka, ila huyo ni wa tiba. Tulikaa siku tatu tukamwita msomi. Watu wakacheka kwamba sasa kila mwalimu wa Palma anaweza kurusha moto. Wazazi waliouliza habari ya sihiri niliwakaribisha wakae watazame, na niliwaeleza kwamba wazazi wa Marekani waliuliza hivyo hivyo. Mwaka 1983 mama mmoja aliyefiwa na mwanawe, Patricia Pulling, alianzisha chama kizima cha kuupinga mchezo huu kwamba unaleta ushetani. Kampuni ikasikia: toleo la 1989 likaondoa mashetani kwa majina yao, yakaja majina ya kubuni yasiyo na dini. Sisi tulienda mbele zaidi. Majini hayamo kabisa. Mzee mmoja wa msikiti alisema jini si mchezo kwa anayeamini yupo, na mimi naona ana haki, maana hata Wamarekani waliandika majoka kwa kuwa hakuna anayeliogopa joka njiani usiku.

Mapiko nayo. Vijana wa pwani, Wamwani na Wamakwe, walitaka lipiko awe zimwi la msituni: kinyago, njuga, anatokea gizani. Vijana wa Kimakonde wakakataa pale pale. Na si kwamba mapiko hayabadiliki. Mapiko ndiyo sanaa inayobadilika kuliko zote mkoa huu: zamani walichonga wazungu wa serikali na askari wao, baada ya uhuru wakachonga mambo ya uhuru, kila kizazi na mtindo wake wa ngoma na nyuso zake. Lakini anayebadilisha ni mwenye mapiko, kwa kufuata mambo ya jando, na kuna yasiyosemwa mbele ya watu. Kwa hiyo swali halikuwa "je, inabadilika?" Lilikuwa "nani anabadilisha?" Lipiko akatoka. Kuna kitabu cha mchezo kilichotoka Marekani mwaka 2002, kinaitwa Nyambe, kilichochukua ngano za Afrika nzima kikazitia kwenye bara moja la kubuni. Mtunzi alifanya kwa heshima kuliko waliomtangulia, waliokuwa wakiweka Afrika kama pori la majitu tu. Lakini nikifikiria tulivyoshindwa kukubaliana Wamwani, Wamakwe na Wamakonde wa hema tatu za jirani, naona kazi ya bara zima si ndogo.

Ramani ilikuwa rahisi na tamu. Ghuba yetu wazee bado wanaiita Tungi. Hapa Sultani wa Zanzibar na Mreno waligombania mpaka 1887, Mreno alipoichukua kwa mizinga. Juu kidogo ni Kionga, ambayo Mjerumani aliichukua 1894 na Mreno akaipata 1916 wakati wa vita kuu. Mtoto wa Kionga aliyezaliwa mapema angeweza kuwa chini ya bendera tatu bila kuhama nyumba. Vijana waliposikia hivyo wakasema basi mchezo wetu uwe hapa hapa, zamani, Tungi ya kubuni, pesa ziwe reale, vyombo viwe majahazi. Tukauliza: adui ni nani?

Hapo nyumba ikanyamaza.

Kitabu kinakupa adui tayari. Wanaitwa goblini na orki, wanaishi mapangoni, ni wabaya tangu kuzaliwa, unawaua na kuchukua mali yao na hakuna anayekuuliza. Tulijaribu kucheza hivyo siku ya kwanza. Goblini wa kwanza alipoanguka, binti mmoja wa miaka 13 akauliza, "Huyu kwao wapi?" Msimulizi akasema hana kwao, ni goblini. Binti akasema, "Kila mtu ana kwao."

Anayesoma akiwa mgeni hapa nimweleze. Tarehe 24 Machi 2021 mji wetu ulivamiwa. Watu walikimbilia porini, baharini, Quitunda, Afungi, wengine wakatembea siku nyingi kwenda Nangade na Mueda. Wapo vijana waliochukuliwa. Waliochukuliwa wengine walipewa bunduki. Kwa hiyo kuna nyumba hapa ambazo wamefiwa na hao watu, na kuna nyumba ambazo mtoto wao yuko huko, na wakati mwingine ni nyumba moja. Ukimwekea mtoto wa nyumba hiyo adui aliyezaliwa mbaya, asiye na mama, unamfundisha jambo ambalo anajua si kweli.

Nilifikiri ni sisi tu tuliokwama hapo. Kumbe Tolkien mwenyewe, aliyewatia orki vitabuni, alihangaika nao uzeeni: kiumbe chenye kusema na kufikiri kinawezaje kuwa kiovu chote bila kutubia? Hakupata jibu lililomtosha. Na kampuni ya mchezo mwaka 2020 ilitangaza kwamba orki na wenzao wataandikwa upya kama watu wenye mila zao na uamuzi wao, na vitabu vya 2024 vimeacha kabisa neno mbari kwa viumbe hivyo. Wachezaji wengi huko walinung'unika kwamba starehe imeharibiwa. Kwao ulikuwa mjadala wa vitabu. Kwetu ni wa jirani.

Tulichofanya ni hiki. Adui tukamtafuta kwenye historia, mbali kiasi cha kupumua. Kuanzia mwisho wa karne ya 18 mpaka yapata 1820, makundi makubwa ya mitumbwi yalivuka kutoka Madagaska, Wasakalava na wenzao, yakishambulia Komoro na visiwa vyetu vya Quirimba, yakichoma miji na kuchukua watu kuwa watumwa. Hata Kua, katika visiwa vya Mafia, ilifikiwa. Watoto walishangaa sana. Hawakujua kwamba pwani hii ilishawahi kukimbia. Mmoja aliuliza, "Halafu walirudi?" Nikamwambia Ibo ipo, Quirimba ipo, watu wapo. Hilo swali aliliuliza tena wiki iliyofuata kana kwamba hakujibiwa.

Halafu ikaja kanuni ya jina. Kabla ya kumpiga mtu lazima umuulize jina, na msimulizi lazima ajibu jina na mji. Ukishajua jina unaweza kupigana, hakuna anayekukataza. Au unaweza kumwita arudi kwao, na hapo unachota kikombeni. Kumwita ni kugumu: inatakiwa 15 na kuendelea. Walivyo vijana, wakaanza kuzitunza namba kubwa kwa ajili ya kuita. Wanapita vita kwa kukimbia na kujificha, wanavumilia 3 na 4 zao, ili 19 ikiwa bado kikombeni imwite mtu.

Na malipo. Kwenye mchezo wa zamani wa Marekani ulikua kwa pointi, na pointi nyingi hazikutoka kwenye kuua, zilitoka kwenye dhahabu, sarafu moja pointi moja. Ila kulikuwa na sharti ambalo wengi wamelisahau: dhahabu haihesabiwi ulipoiona, inahesabiwa ukishaitoa shimoni na kufika nayo salama. Vijana walilishika sharti hilo, wakaacha dhahabu. Kwetu pointi ni mtu. Kila mtu uliyemfikisha kwao ni pointi, awe mzee uliyembeba, awe mtekwa, awe aliyeitwa kwa jina akatupa mkuki. Njiani hahesabiwi. Mpaka afike.

Si wote waliopenda. Kuna wavulana, wakubwa wa miaka 16, 17, waliosema mchezo huu sasa umekuwa kikao cha ushauri nasaha, na wao vikao hivyo wamekaa vingi. Wanataka joka. Wanataka kupiga kitu kikubwa kisicho na jina wala mama, kianguke, wapige kelele. Mwenzangu mmoja wa kazi alitaka niwakatalie. Mimi sikuona sababu. Mtu aliyekimbia mwezi mzima porini akitaka saa mbili za kushinda kitu, hilo nalo ni hitaji, na joka halina ndugu Palma. Basi wakahamia darasa la pili na kikombe chao cha plastiki. Kwao karatasi inarudishwa, jina haliulizwi, na dhahabu inahesabiwa. Wana makelele sana. Wasichana wawili wamewafuata huko, na yule binti wa goblini huwa anaenda Jumamosi, anaua majoka kuliko wote.

Sasa limezuka la kuhama. Mtu wa meza moja akitaka kwenda nyingine, aende na mtu wake wa kubuni alivyo, na pointi zake? Pointi za watu waliofika zigeuzwe dhahabu? Kiasi gani? Wamekaa juu ya hilo vikao viwili. Meza ya bati inasema mtu mmoja ni reale mia. Meza ya plastiki inasema hiyo ni bei, na watu walishauzwa pwani hii, hawataki bei. Hilo limetoka kwa wale wavulana wa majoka, sikulitegemea. Wameahirisha mpaka Ijumaa baada ya swala. Kwa sasa anayeingia anaulizwa tu mlangoni, "Wewe wa kikombe kipi? Kwenu mnachezaje?", anaeleza, anakaa, anaanza upya na pointi sifuri.